Oili ya Mume Mwenzangu

...ipi sasa, baba, ananiuliza dada wa kaunta, mkono mmoja juu ya dumu jekundu, mwingine juu ya dumu la buluu, kama mama aliyewashika kola watoto wawili waliokuwa wanapigana, na mimi namtazama tu, mimi ambaye mdomo ndio jembe langu, ninayeweza kusimama mbele ya ukumbi mzima na kipaza sauti kibovu nikawachekesha watu mpaka bwana harusi akasahau kwamba amekuja kuoa, leo nimesimama kwenye duka la vipuri nimekauka kama fenibelti ya zamani, kwa sababu swali lenyewe mara ya kwanza hakuliuliza hivyo, mara ya kwanza aliuliza, Gari la kuuza au la kuendesha?, hivihivi, bila kuinua macho, kama muuza chai anavyouliza sukari au bila, nikasema, Nataka oili ya pikapu ya dizeli, dada, akasema, Hilo nimelisikia, la kuuza au la kuendesha, na alipoona nimeduwaa akanieleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo mpaka ulimi ukaota sugu, kwamba wanaouza gari lililochoka huja kununua hii nyekundu, 20W-50, nzito kama asali ya chini ya chupa, injini inatulia, kugonga kunapungua, moshi unajificha siku mbili tatu, mnunuzi akitega sikio anaridhika, na wanaoendesha huchukua hii ya buluu, 15W-40, ya dizeli hasa, angalia herufi C hapa ubavuni, siyo S, S ni ya petroli, hii asubuhi inawahi kupanda mpaka kichwani mwa injini, inaosha masizi, lakini haimfichi mtu siri, injini ikiwa mgonjwa utasikia ni mgonjwa... na shemeji jana aliniambia nyekundu, alisema, Shem, weka nzito, ile hamsini, itafunga mdomo wake, mnunuzi anakuja saa kumi na fundi wake, nataka wasikie paka amelala, na mimi nikasema sawa, nilisema sawa haraka sana, siku hizi nasema sawa kwa kila kitu, mtu akiniambia jua limezimika nitasema sawa, nitatafuta sweta, kwa maana nimechoka, si uchovu wa kubeba viti, ule naujua, ule unaoga unaisha, huu ni uchovu unaoamka kabla yangu, unaketi kitandani unaningoja nifungue macho, unasema shikamoo... na dereva wa lori aliyesimama nyuma yangu, ambaye tumbo lake limefika kaunta kabla yake, anapumua kwa nguvu, anasema, Mzee wangu, hapa tunanunua oili au tunachagua mchumba?, na mtu wa pembeni anacheka, na mimi kwa mazoea tu, kama kuku aliyekatwa kichwa anavyoendelea kukimbia, namjibu, Mchumba ningekuwa nimeshachagua, mwanangu, mchumba hana herufi ubavuni, nao wanacheka, na mimi sicheki, nashangaa kwamba mdomo huu bado unafanya kazi wakati mwenyewe hayupo.

Mwenyewe yuko nyumbani, chumbani, kwenye kiti karibu na dirisha, namaanisha mimi niko hapa lakini kilichomo ndani yangu kiko kule, kimekaa chini karibu na miguu yake, mama watoto, fundi wangu, dereva wangu, maana katika nyumba yetu mambo yaligawanywa tangu mwanzo bila mkutano wowote, yeye anabeba, mimi nabwata, turubai na viti na spika vikipakiwa kwenye pikapu ni yeye aliyefunga kamba, ni yeye aliyeshika usukani, mimi nilikaa kando nikifanya mazoezi ya vichekesho, na yeye hacheki, anaendesha, anasema, Hicho watacheka, hicho hapana, hicho kitatufanya tusilipwe, na hakuwahi kukosea hata mara moja, na pikapu ile si yangu hata kidogo, watu wasidanganyike kwa kuona jina langu limeandikwa mlangoni, pikapu ile ni mume mwenzangu, nilimpa jina hilo siku ileile alipoingia naye uani, wenzangu wanaoa mke wa pili, mimi mke wangu ndiye aliyeniletea mwanamume wa pili, ana moshi, ana kikohozi, hana nywele na mimi sina nywele, tukatazamana, na mama watoto akashuka akanipita bila hata salamu, akafungua boneti, akaingia jikoni, akatoka na mwiko, nikadhani leo napigwa, kumbe anaweka kichwa cha mwiko juu ya injini na ncha ya mpini sikioni, anafumba macho, anasikiliza, hivyo, kama daktari na kifua cha mtoto, na tangu siku ile mwiko ule ulifanya kazi mbili, na mimi nilikula mboga zenye ladha ya gereji nikasema asante, kwa sababu mwanamke anayejua kusikiliza hivyo, humnyang'anyi mwiko... na kifua changu je, nilimwuliza, mbona hukitegi sikio, akasema, Wewe mbona unasikika mpaka mtaa wa tatu.

Ananiuliza tena, dada wa kaunta, Inagonga?, nasema, Inagonga, Inatoa moshi?, nasema, Kiasi, Imekuwa hivyo tangu lini?, nasema tangu... nasema, Tangu ilipoacha kutoka, na hilo sikulipanga, limetoka lenyewe, na dada ananitazama kidogo juu ya miwani, na mimi nageuza macho kwenye rafu, nasoma filta, nasoma plagi, nasoma mikanda inayoning'inia kama nyoka waliokata tamaa, kwa maana tangu ilipoacha kutoka ni tangu mama watoto alipoacha kutoka, tangu asubuhi ile kwenye sinki, na kitu ninachokiona kila nikifumba macho si kuanguka kwake, ni sahani, alikuwa ameshika sahani yenye povu, na upande wake wa kulia ulipoanza kumtoroka aliiweka sahani kwanza, taratibu, juu ya zile nyingine, ndipo akaanguka, sahani haikuvunjika, mke wangu alipata kiharusi akahakikisha sahani iko salama, ningeweza kulisema hilo jukwaani na ukumbi ungecheka mpaka machozi na hakuna ambaye angejua kwamba machozi yale ni ya kweli... na sasa mkono wa kulia umelala, mguu wa kulia unaburuta, na maneno yamefungiwa ndani, anayaona, naona kwamba anayaona, yanafika mlangoni yanarudi, anatoa sauti tu, aah, eeh, na mkono wa kushoto ndio umebaki msemaji wa nyumba, na mimi ndiye mkalimani, tena mkalimani hodari, hata shemeji alisema, Shem, wewe unamwelewa dada kuliko sisi tuliozaliwa naye.

Halafu kuna hiki nilichoshika mkononi, nimekizungushia gazeti, na sasa gazeti limelowa na kutoboka na dereva wa lori anachungulia juu ya bega langu, anasema, Mzee, umebeba samaki?, na nakifungua juu ya kaunta kwa sababu aibu nayo imenichoka, ni kile kijiti cha kupimia oili, nilikichomoa kwenye injini asubuhi hii nikaja nacho kizimakizima, kwa miguu, mitaa yote hii, kama mtu anayepeleka choo maabara, na dereva wa lori anapiga kofi paja lake, Haki ya nani! Katoa kijiti garini kaja nacho dukani! Mzee, ukienda kununua viatu unakata mguu?, na duka zima linacheka sasa, hata dada wa kaunta mabega yanamtikisika, na mimi nasema, Wanangu, mimi si dereva, mwenye gari ndiye dereva, mimi ni mume tu, nao wanacheka zaidi wakidhani ni kichekesho... lakini si kichekesho, leseni ninayo lakini gari linanijua, mara ya mwisho niliyoshika usukani nilirudi nyuma nikagonga nguzo ya turubai letu wenyewe, likawashukia wageni waalikwa wakiwa wamekaa, wakadhani ni sehemu ya maonyesho, wakapiga makofi humohumo ndani ya turubai, mama watoto akanivuta sikio mbele ya mgeni rasmi, na tangu hapo sijagusa gia, ninachokiweza mimi ni ufunguo, kuwasha najua, mtoto mdogo anajua, na ndicho nimekuwa nikifanya, kila asubuhi nikimaliza kumwosha na kumvisha namkalisha dirishani, natoka uani, namwasha mume mwenzangu, namwacha aungurume pale pale chini ya dirisha hadi chai ichemke, ili asikie, kwa sababu nilifikiri, mtu aliyezoea kuamka na sauti ile miaka yote, akiikosa atajua kwamba mambo yamekwisha, basi nikasema mimi hayawezi kwisha, sauti ataipata, kila siku, hata kama hakuna anayekwenda popote, na ninazima, naingia na chai, nasema, Umemsikia mpenzi wako?, na yeye anainua mkono wa kushoto.

Simu inatetemeka mfukoni, ni shemeji, ni shemeji bila shaka, shemeji ana njia yake ya kutetemesha simu, Shem, umeshanunua?, anasema hata kabla sijaitika, nasema, Niko dukani, anasema, Nzito, shem, nyekundu, usidanganywe na hao wauzaji, wanapenda kueleza herufi, sisi tunauza, hatuendi nalo mbinguni, mnunuzi ameshaanza safari, ukiweka oili mpya liwashe, lizungushe, lipate kunyamaza, nasema, Na dada yako?, anasema, Dada kafanyaje?, nasema, Tutamwambia nini kesho asubuhi, akingoja sauti, nasikia redio upande wake, mtu anatangaza dawa ya mende, halafu shemeji anasema kwa sauti ya chini, sauti nzuri, shemeji si mtu mbaya, amemlilia dada yake kuliko mimi, anasema, Shem, si mwenyewe ndiye aliyesema? Si tuliona wote mkono? Amelichoka. Linamkumbusha. Mpe mtu apumzike, nasema, Sawa, nakata... ndiyo, tuliona wote, Jumapili ile shemeji alipokuja nikawasha ili naye aone dada yake anavyofurahi, nilipoingia mkono ukainuka kama kawaida, ngumi imekunjwa, ikaenda mbele, kwa nguvu, mbele, kama anayesukuma mtu atoke mlangoni, na shemeji akatazama akatikisa kichwa, akasema, Anasema lipelekwe, liondoke, na mimi niliyekuwa nikifikiri siku zote kwamba ule mkono ni wa shangwe, kama mashabiki wanaorusha ngumi hewani, nikauona upya, nikasema kweli, anasukuma, anafukuza, na usoni hana furaha hata kidogo, mbona sikuona, uso mzima, ule nusu unaofanya kazi, umekasirika, nikajiona mjinga, kila asubuhi nampigia mke wangu kelele za kitu asichoweza kukishika tena, kama mtu anayemchezea kiwete ngoma, basi tuuze, nilisema, basi sawa.

Inapungua?, anauliza dada wa kaunta, ameshachukua kijiti changu, anakigeuza kwenye mwanga, Inakula oili? Unaongeza kila baada ya muda gani?, nasema, Haipungui, dada, na kwa mazoea mdomo unaongeza kichekesho kilichokwisha kutumika nyumbani, Inanenepa, nasema, mimi nakonda yeye ananenepa, nikipima juma hili imepanda kuliko juma lile, gari la miujiza, tungelikodisha kwa wahubiri, na wa pembeni wanacheka lakini dada hacheki, ameacha kugeuza kijiti, anasema, Imepanda?, nasema, Imepanda, ilikuwa kwenye alama, sasa imepita alama, na anakisogeza kijiti puani, ananusa, na anachukua tone kati ya kidole gumba na cha shahada, anasugua, anasugua hivyo... hivyohivyo, mama watoto alikuwa anasugua hivyohivyo, jioni, uani, ameegemea bampa, ananusa vidole, ananiita, Njoo unuse, nasema sinusi mwanamume mwenzangu, anacheka... na dada anasema, Hii imejaa dizeli, baba. Hili gari mnaliwasha mkaliacha limesimama?, nasema, Asubuhi, kidogo tu, Kila siku?, Kila siku, Halitoki?, nasema, Halitoki, na dereva wa lori nyuma yangu anatoa sauti, aaah, kama mtu aliyeonyeshwa kidonda, na dada anasema, Ndiyo basi, halipati moto, dizeli isiyoungua inateremka kwenye oili, oili inakuwa nyepesi kama maji, na maji hayawezi kushika vyuma visigongane, lazima lipige kelele, mimi siwezi kusema injini yako ni nzima, sijaiona, lakini hiki kijiti hakinionyeshi uzee, kinanionyesha gari limewekwa ndani, na anafuta vidole kwenye tambara, anarudisha mikono yake juu ya madumu, mmoja jekundu, mmoja buluu, anasema, Sasa niambie, na mimi sitazami madumu, natazama kijiti.

Kwa sababu nilimwambia, nilimwambia mama watoto kichekesho hichohicho, siku niliyoona oili imepanda niliingia mbio na kijiti mkononi nikamwonyesha, nikasema, Tazama, mume mwenzangu ananenepa, unamlisha nini usiku nikilala?, na yeye hakucheka, yeye aliyenipa nusu ya kicheko kwa vichekesho vibovu kuliko hicho, alikishika kijiti kwa mkono wake wa kushoto akakisogeza puani, akanusa, na macho yakamtoka, akapiga mkono wa kiti, pa, pa, akatoa sauti, aah, aah, na mimi nikasema pole, pole, usichoke, nikamfuta mdomo, nikamfunika shuka miguuni, nikampa dawa kabla ya wakati wake, alijua, Mungu wangu, alijua siku ile, alinusa akajua, mwanamke amekaa kitini hana ulimi ananiambia unaliua gari, na mimi namfuta mdomo... na dada yule wa mazoezi anayekuja na mpira wake mdogo wa kijani, alisema nini, alisema, Baba, usimfungie vifungo, mwache ahangaike navyo, usimlishe, kijiko kianguke, kianguke tena, mkono usipotumwa unasahau kazi, nikasema sawa, na alipofunga mlango tu nikavifunga vifungo, vyote, kwa kuwa siwezi kutazama, nani anaweza kutazama, vidole vilivyojua kufunga kamba ya turubai kwenye upepo vinashindwa na kifungo cha gauni, bora nimfungie mimi, bora nimkalishe dirishani, bora nimwashie redio, nimwambie vichekesho, asubuhi hadi jioni, ananguruma ndani ya kile kiti na haendi popote... na nani amechoka, nilisema mimi nimechoka, naye je, nilimwuliza lini, mkalimani hodari.

Mzee, anasema dereva wa lori, na sauti yake safari hii haina haraka, ina kicheko chini yake, Mzee wangu, mbona unatia gia bila kukanyaga klachi?, nasema, Nini?, anasema, Huo mkono, na natazama, na mkono wangu wa kushoto uko juu ya kaunta, ngumi imekunjwa, na unafanya, wenyewe, bila mimi kuutuma, unafanya kile anachofanya yeye kila asubuhi, nilikuwa nikikumbuka tu, sikujua kwamba mkono nao unakumbuka, unakwenda mbele, halafu, kumbe kuna halafu, unarudi nyuma, moja kwa moja, halafu unakwenda pembeni kidogo, padogo, kama anayekwepa kikombe, na mbele tena, Ya kwanza, anahesabu dereva wa lori akicheka, ya pili, ya tatu, mzee uko barabara kuu sasa, punguza, kuna askari, na duka zima linaangua kicheko, na mimi nimeshika ukingo wa kaunta kwa mkono wa kulia... mbele, nyuma, pembeni, mbele, si kusukuma, si kufukuza, si kwaheri, shemeji na mimi tuliona mwanzo tu, tuliona mbele tukaacha kutazama, tukajua tayari, wanaume wawili hodari wa kujua, wala hatukungoja mkono umalize sentensi yake, na ni mkono wa kushoto, na tangu zamani wa kushoto kazi yake ni gia, miaka yote hiyo nimekaa kando yake nikitazama mkono ule, goti langu lilikuwa likiupisha, nilijua kila mahali unapokwenda kuliko ninavyojua njia ya kwenda chooni, na kila asubuhi ananiambia, kila asubuhi nikiingia na chai yangu na ujinga wangu, tia gia, baba watoto, litoe, kwanza, pili, tatu, litoe lipate moto, usilikalishe hapo, tia gia, na hasira ile, nusu ile ya uso, nilidhani amelichukia gari.

Simu inatetemeka tena, sitaitoa, itetemeke mpaka ichoke na yenyewe ijue kuchoka kukoje, mnunuzi na fundi wake watakuja saa kumi watakuta uani alama ya matairi na kitone cha oili, au hawatakuta hata hivyo, watakuta mtu mzima mwenye kipara amezima gari katikati ya geti, anatoka jasho, majirani wamepanda juu ya matofali kutazama, nitazima mara ngapi, nitazima mara nyingi, nitagonga geti, geti litagongeka, gari lililokwisha kuangusha turubai mbele ya mgeni rasmi haliogopi geti... na yeye atakaa wapi, atakaa kando, mahali pangu, kwa mara ya kwanza yeye ndiye atakaa mahali pangu na mimi pake, na mkono wake ulio karibu na gia utakuwa upi, ngoja, nafumba macho, nakaa, nahesabu, usukani huku, gia hapa katikati, yeye kule, utakuwa wa kulia, ule uliolala, ule usiotumwa, ule ninaoufungia vifungo, nitauchukua nitauweka juu ya kirungu cha gia, vidole kimoja kimoja, na wangu juu yake, nitakanyaga mimi, atatia yeye, tutatia, itakwaruza, itapiga kelele kama bati linaloburutwa, atanitazama, atanivuta sikio kwa mkono ule mwingine, anivute, lipo, tena nalo limekonda kwa kukosa kuvutwa... Baba, anasema dada wa kaunta, taratibu, kwa kuwa kicheko kimeisha na labda uso wangu si uso wa mtu aliyechekesha, Baba, watu wanangoja, ipi?, na mikono yake iko palepale, mmoja juu ya jekundu, mmoja juu ya la buluu, wala haijasogea, kijiti kipo juu ya gazeti lililolowa, dereva wa lori anapumua shingoni mwangu, simu inagonga paja, nimechoka, bado nimechoka, sijawahi kuchoka hivi, na ngumi yangu ya kushoto iko juu ya kaunta imerudi kwenye ya kwanza, na chini, ambako hakuna anayeona, mguu wangu wa kushoto umekanyaga sakafu, umekanyaga mpaka mwisho, unangoja.